ECNL au GA: Ligi Mbili Zinazogombea Wasichana wa Soka Marekani

Msichana wa miaka 13 anayekaa Dallas, New Jersey au kusini mwa California, na ambaye mpira unamtii mguuni, ana ligi mbili za taifa mbele yake. Kila moja hujitangaza kuwa ndiyo ya juu kabisa kwa wasichana wa rika lake, na mara nyingi zote mbili zina klabu umbali mfupi kutoka nyumbani kwao. Ya kwanza ni Elite Clubs National League, ambayo kila mtu huiita ECNL. Ya pili ni Girls Academy, au GA. Hakuna fainali inayozikutanisha mwisho wa msimu ili ijulikane nani zaidi. Kazi ya kuamua imeachiwa wazazi, jikoni kwao, saa tatu usiku, wakiwa na barua ya klabu inayotaka jibu ndani ya siku mbili.

Ligi hizi haziendeshwi na shirikisho la soka la nchi. Ni vyombo vya binafsi vilivyoundwa na klabu zenyewe, na kila kimoja kina klabu zinazokaribia au kuzidi 100, zilizogawanywa kwa kanda ili timu ya Oregon isilazimike kwenda Florida kila wikendi. Timu huanzia wasichana wa chini ya miaka 13 na kuishia wale wanaomaliza sekondari. Jambo la kushangaza kwa mtu aliyezoea mpira wa Afrika au Ulaya ni kwamba hakuna kupanda wala kushuka daraja. Nafasi katika ligi ni mali ya klabu, nayo hutolewa na wasimamizi wa ligi baada ya kuangalia viwanja, makocha, idadi ya watoto na eneo ilipo klabu. Timu inaweza kuwafunga majirani zake wote kwa miaka mitatu mfululizo na isipande popote, kwa kuwa klabu yake haimo. Wachezaji wake bora huona hivyo, nao huhama mmoja mmoja kwenda kwenye klabu yenye nembo ya ligi. Timu ya mtaa iliyowalea hubaki ikitafuta watu wa kujaza nafasi.

Chanzo cha yote haya ni sheria iliyotungwa bila kufikiria mpira. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha Title IX, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikuu vilikuwa na timu kubwa za wanaume, hasa za futiboli ya Kimarekani, na vilihitaji michezo ya wanawake yenye wachezaji wengi ili kupunguza pengo. Soka lilifaa: timu moja hubeba watu zaidi ya 25 na vifaa vyake ni nafuu. Katika miongo iliyofuata mamia ya vyuo viliunda timu za wanawake na kuziwekea udhamini wa masomo. Kwa hiyo kwa msichana wa Marekani mpira ukawa njia ya kwenda chuo, miaka mingi kabla haujawa kazi ya mshahara.

Klabu za watoto ndizo zilizobeba mzigo wa malezi, na zilianza mapema kuliko shirikisho. Mwaka 1984 wasichana wa klabu ya Dallas Sting, vijana wa chini ya miaka 19, walisafiri hadi Xi'an, China, wakaiwakilisha nchi yao katika mashindano ya kimataifa ya wanawake, na wakarudi na ushindi. Wakati huo Marekani haikuwa na timu ya taifa ya wanawake. Ya kwanza ilicheza mechi zake mwaka uliofuata, nchini Italia. Miaka sita baadaye timu hiyo ilikuwa bingwa wa dunia. Ushindi wa 1991 ulifuatiwa na wa 1999, mbele ya watazamaji 90,185 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, kisha wa 2015 na 2019. Karibu kila mchezaji wa vikosi hivyo alipitia klabu ya mtaani kwao na kisha timu ya chuo.

Msomaji aliyekulia kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, atauliza kwa nini shule za sekondari hazitoshi. Zina timu, tena nyingi: kwa hesabu za shirikisho la michezo ya sekondari, wasichana zaidi ya 370,000 huchezea shule zao kila mwaka. Lakini msimu wa shule ni wa miezi michache tu, mechi ni za mji kwa mji, na ndani ya timu moja hukutana nyota wa taifa na msichana aliyejiunga mwaka jana. Kocha wa chuo hawezi kuzunguka shule elfu kadhaa kumtafuta mchezaji mmoja. Anataka pahali ambapo kwa siku tatu atawaona wachezaji mia mbili wa kiwango kinachokaribiana. Hitaji hilo la kocha wa chuo ndilo lililozaa ligi hizi.

ECNL iliundwa mwaka 2009 na klabu 40. Viongozi wa klabu hizo walichoka kuona timu zao zikipoteza miezi katika mashindano ya jimbo ambayo zilishinda kwa mabao manane, wakaamua kucheza wao kwa wao. Wazo lilishika haraka, na ndani ya miaka michache makocha wa vyuo waliijua ECNL kama ligi ya kutazama kwanza. Kwa miaka minane haikuwa na mpinzani wa kweli.

Mpinzani alipokuja alikuwa shirikisho lenyewe. U.S. Soccer ilikuwa na ligi ya vijana wa kiume, Development Academy, tangu 2007, na mwaka 2017 ikafungua upande wa wasichana ukiwa na klabu zipatazo 70. Masharti yake yalikuwa makali: mazoezi mara nne kwa wiki, msimu wa miezi kumi, na mchezaji akitolewa uwanjani harudi tena katika mechi hiyo, kama ilivyo katika soka la wakubwa. Sharti lililowasha moto lilikuwa jingine. Mchezaji wa kudumu wa ligi hiyo hakuruhusiwa kuchezea shule yake ya sekondari.

Kwa afisa wa shirikisho, sharti hilo lilikuwa na mantiki: mazoezi bora yasikatizwe na miezi ya mpira wa kiwango cha chini. Kwa msichana wa miaka 16 lilikuwa na maana tofauti kabisa. Timu ya shule ndipo rafiki zake walipo, ndipo jina lake linaposomwa kwenye matangazo ya asubuhi, ndipo babu na bibi wanapokuja kumtazama bila kupanda ndege. ECNL iliwaruhusu wasichana wake kuchezea shule, na katika kuwavuta wachezaji hakuna hoja iliyoisaidia zaidi ya hiyo. Shirikisho lilikosea hapo, na kosa lenyewe lilikuwa la kudhani kwamba kinachowafaa wavulana wanaowania mkataba wa kulipwa kinawafaa vilevile wasichana ambao wengi wao wanawania nafasi ya chuo.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya vurugu. Miji iligawanyika, timu zilizokuwa zikipambana kila mwaka hazikukutana tena kwa sababu ziko ligi tofauti, na baadhi ya klabu zilizojiunga na shirikisho zilirudi ECNL kabla hata ya kutimiza misimu miwili. Kisha janga la korona likafunga viwanja. Tarehe 15 Aprili 2020 shirikisho lilitangaza kwamba linaifunga Development Academy yote, wavulana na wasichana, kwa sababu za kifedha zilizoletwa na janga hilo. Klabu zilijikuta hazina ligi, na zililazimika kuamua kwa haraka. Nyingi zilikimbilia ECNL. Zile ambazo hazikupata nafasi huko, au hazikuitaka, ziliungana na kuunda Girls Academy ndani ya wiki chache tu, na msimu wake wa kwanza ukaanza mwaka huohuo.

GA ilijipambanua kwa kuwapa wachezaji sauti: ina baraza la wasichana wenyewe linaloshauri kuhusu uendeshaji wa ligi. Mwaka 2024 iliingia ushirikiano na MLS, ligi kuu ya wanaume, hatua iliyoipa fedha na jina. ECNL nayo imejitanua. Ina ligi ya pili chini yake, ECNL Regional League, na tangu 2017 ina upande wa wavulana. GA ikajibu kwa kuanzisha daraja la pili liitwalo Aspire. Chini ya hizo zipo nyingine nyingi zenye majina ya fahari, na neno "taifa" au "elite" hukutwa hata kwenye ligi ambayo timu zake hazivuki mpaka wa jimbo. Mzazi mgeni hupotea humo kwa urahisi, na klabu nyingine zinafurahia apotee.

Kuhusu nguvu ya mpira wenyewe, maoni ya wengi ni kwamba kilele cha ECNL kiko juu kidogo na kina watu wengi zaidi: timu zake bora ni bora kuliko karibu zote, na makocha wa vyuo vikubwa hujazana kwenye mashindano yake. Lakini timu ya kati ya ECNL na timu nzuri ya GA zikikutana kwenye bonanza la kirafiki, matokeo hayatabiriki. Tofauti kati ya klabu na klabu ndani ya ligi moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya ligi hizo mbili. Jambo hilo husahaulika kila msimu wa usajili ukifika.

Fedha zinaeleza mengi. Barani Ulaya klabu humlea kijana bure au kwa ada ndogo kwa kuwa akiuzwa italipwa. Kanuni za FIFA za fidia ya malezi haziwahusu wanawake, na chuo kikuu cha Marekani hakilipi klabu hata senti kikimchukua mchezaji. Klabu ya wasichana basi haina bidhaa ya kuuza isipokuwa nafasi yenyewe, na mnunuzi ni mzazi. Ada ya mwaka katika klabu ya ngazi ya juu huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na hiyo ni kabla ya nauli za ndege, hoteli, chakula cha njiani na jezi. Mashindano mengi huzilazimisha timu kulala katika hoteli zilizochaguliwa na waandaaji. Mama anayejua nyumba ya kulala ya bei nafuu barabara ya pili hawezi kuitumia, kwa kuwa timu ya mwanawe itaondolewa kwenye ratiba.

Kinachonunuliwa kwa fedha hizo huonekana vizuri zaidi kwenye yale mashindano makubwa ya wikendi ambako vyuo huja kuchagua wachezaji. Viwanja kumi na viwili vimepangwa sambamba, vimechorwa mistari usiku uliopita. Upande mmoja wa kila uwanja wamekaa wazazi na miavuli yao. Upande wa pili viko viti vya kukunja, na juu yake makocha wenye fulana za vyuo, kila mmoja akiwa na orodha mapajani: namba ya jezi, jina, nafasi anayocheza, mwaka atakaomaliza sekondari. Kocha hutazama dakika 15, huandika neno moja au mawili, hubeba kiti chake na kwenda uwanja wa saba. Beki wa kulia aliyeingizwa dakika ya 50 huenda akawa hakuonekana na mtu yeyote kati ya makocha waliokuja kutoka majimbo matano. Nauli yake na hoteli yake zilikuwa sawa na za mwenzake aliyecheza mechi nzima.

Kwa sababu hiyo swali la dakika za kucheza ni zito kuliko swali la nembo. Wazazi wengi wa Marekani huambiwa wachague kati ya kuwa wa mwisho katika timu ya ECNL na kuwa nguzo katika timu ya GA au ya daraja la pili. Wengi huchagua nembo. Aghalabu wanakosea. Msichana wa miaka 14 hujifunza mpira akiwa nao mguuni, akifanya makosa katika mechi za kweli na kuyasahihisha Jumamosi inayofuata. Benchi halifundishi hivyo, hata liwe benchi la timu bingwa. Ipo hali moja ambayo nembo ina uzito: pale ambapo mchezaji ana kiwango cha kuanza na anataka chuo cha juu kabisa, mashindano ya ECNL humpunguzia kazi ya kujitafutia watazamaji. Nje ya hali hiyo kocha wa timu ni muhimu kuliko ligi, na umbali wa kwenda mazoezini ni muhimu kuliko watu wanavyokubali. Saa mbili garini mara nne kwa wiki huliwa kutoka kwenye usingizi na masomo.

Ahadi ya udhamini nayo inahitaji kupimwa kwa hesabu. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya daraja la kwanza la vyuo iliruhusiwa udhamini 14 tu, ambao kocha aliugawa vipande kwa kikosi cha watu 25 hadi 30 na zaidi. Waliosoma bure kabisa walikuwa wachache. Wengi walipata robo au nusu. Vyuo vya daraja la tatu havitoi udhamini wa michezo hata kidogo. Suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025 iliondoa kikomo hicho kwa vyuo vinavyoikubali, lakini ikaweka kikomo cha wachezaji 28 kwa kila timu, hivyo baadhi ya vikosi vikapunguzwa. Wakati huohuo makocha wanapendelea kuchukua mchezaji wa miaka 20 anayehama kutoka chuo kingine kuliko kumsubiri wa miaka 17 akomae. Familia iliyotumia dola elfu kadhaa kila mwaka kwa miaka saba ingeweza kulipia sehemu kubwa ya ada ya chuo cha serikali kwa fedha hizohizo. Klabu yoyote inayomwahidi mzazi wa mtoto wa miaka 12 udhamini wa chuo inamwahidi kitu kisicho mkononi mwake.

Angalau jambo moja limerekebishwa. Zamani wasichana wa miaka 13 na 14 walikuwa wakitoa neno la kujiunga na vyuo kabla hata ya kuanza sekondari, nao makocha wakishindana kuwawahi. Tangu 2019 kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji mpaka tarehe 15 Juni baada ya darasa la 10. Hofu ya kuchelewa ilipungua, ingawa wauzaji wa hofu hawajakosa bidhaa nyingine.

Mwili wa msichana unaomba kusikilizwa zaidi ya yote haya. Kano ya mbele ya goti hukatika kwa wasichana mara kadhaa zaidi kuliko kwa wavulana wanaocheza mchezo uleule, hasa katika miaka ya balehe na baada yake. Anayeumia hivyo hufanyiwa upasuaji na kukaa nje kati ya miezi tisa na mwaka mzima. Mazoezi ya kupasha mwili yaliyotungwa mahsusi kulinda goti, yale ya FIFA 11+ yakiwemo, hupunguza ajali hizo, na huchukua dakika 20 tu. Klabu isiyoyafanya haifai, iwe ligi yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa klabu inayompangia msichana mechi tatu au nne kwa siku tatu ilhali Jumanne iliyotangulia alichezea shule.

Wako wasiofika hata kwenye kuchagua. Familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, zinazozungumza Kiswahili katika majengo ya kupanga ya Clarkston, Georgia, au Louisville, Kentucky, zina watoto wanaoujua mpira tangu kambini. Ada ya mwezi mmoja ya klabu kubwa hulingana na chakula cha wiki kadhaa, na uwanja wa mazoezi uko pahali ambapo basi halifiki. Kule Clarkston, mwaka 2004, Luma Mufleh, mhamiaji kutoka Jordan, aliwaona watoto wa wakimbizi wakicheza kwenye maegesho ya magari, akawaundia timu isiyodai ada. Ilianza na wavulana, ikazaa shule. Klabu kubwa nyingi zina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo, lakini mfuko hulipa ada. Usafiri wa saa kumi na moja jioni, mama akiwa zamu kiwandani, haulipiwi na mtu.

Mchezaji wa Marekani Naomi Girma anaonyesha kipaji kinachoweza kupotea watoto kama hao wakiachwa nje. Wazazi wake ni wahamiaji kutoka Ethiopia, na mpira aliuanza San Jose, California, kwenye michezo ya Waethiopia ambayo baba yake alisaidia kuianzisha, Maleda Soccer, ambako watoto walicheza na wazazi wakala pamoja. Baadaye alipita klabu za ushindani, Chuo Kikuu cha Stanford na San Diego Wave, akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2024. Januari 2025 Chelsea ilimnunua kwa dola zaidi ya milioni moja, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefikia bei hiyo kabla yake.

Njia ya tatu imeanza kufunguka pembeni ya ligi zote mbili. Mwaka 2021 Olivia Moultrie, akiwa na miaka 15, aliishitaki ligi ya kulipwa ya wanawake, NWSL, iliyokuwa ikizuia walio chini ya miaka 18. Mahakama ilimruhusu acheze, na ligi baadaye ikaweka utaratibu wa kuwasajili vijana. Mwaka 2024 McKenna Whitham alitia saini na Gotham FC akiwa na miaka 13, na mwaka huohuo NWSL ikafuta mfumo wake wa kuwagawa wachezaji wa vyuo kwa zamu. Ni wachache mno watakaopita hapo, na anayesaini mkataba wa kulipwa kwa kawaida hupoteza nafasi ya kuchezea chuo.

Kwa walio wengi, hatua inayofuata ni majaribio ya kila mwaka: namba iliyobandikwa mgongoni, jioni mbili uwanjani, kisha barua. Barua hiyo ni mkataba wa mwaka mzima, na ada hudaiwa hata mtoto akiacha mwezi wa tatu, kwa hiyo kipengele cha kurudishiwa fedha kisomwe kabla ya kutia saini. Msimu wa 2026/27 unaleta hesabu mpya pia. Makundi ya umri, yaliyokuwa yakifuata mwaka wa kuzaliwa tangu 2017, sasa yanahesabiwa kuanzia 1 Agosti hadi 31 Julai ili yaendane na madarasa ya shule. Wasichana waliozaliwa kati ya Agosti na Desemba wanashuka kundi moja na kuungana na wanafunzi wenzao, na timu nyingi, za ECNL na za GA, zinaundwa upya.